Shilingi 3,000 za Katuni: Kutazama au Kutengeneza

Mzazi wa Tseikuru, katika kaunti ya Kitui, aliyeweka kando shilingi 3,000 za kuwafurahisha watoto wakati wa likizo ya Agosti ana njia nyingi za kuzimaliza, na nyingi kati ya hizo hazimwachii kitu. Sinema za Nairobi ziko mbali, zaidi ya kilomita 200 kupitia Kyuso na Mwingi, na nauli ya mtu mzima na watoto watatu itakuwa imezila hela hizo kabla basi halijafika Thika. Akibaki nyumbani, zipo bando za simu, lipo duka la muvi linalojaza flashi, kipo kibanda cha video, na siku hizi hakosekani kijana wa kumshawishi anunue laptopu ya kutengenezea katuni. Nimezilinganisha njia hizi nikitafuta ile inayomwachia mtoto kitu baada ya skrini kuzimwa. Maoni yangu ni kwamba familia itazame filamu moja nzuri, wote pamoja, na sehemu kubwa ya pesa iende kwenye katuni watakazozitengeneza wenyewe kwa simu ambayo tayari imo nyumbani. Laptopu ingoje.

Filamu ninayoipendekeza ni Flow, ya dakika 85, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia. Ilioneshwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2024, na tarehe 2 Machi 2025 ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Ilishindana na Inside Out 2, iliyogharimu takriban dola milioni 200; Flow iligharimu takriban euro milioni 3.5. Latvia ni nchi yenye watu wasiofika milioni 2. Kwa sensa ya 2019, Kitui na Makueni kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya milioni 2.1. Nayataja haya kwa sababu mtoto wa huku amezoea kuambiwa kwamba vitu kama hivi hutoka kwa mataifa makubwa tu.

Hadithi yenyewe ni ya paka anayeishi peke yake katika nyumba ambayo binadamu wameihama. Mafuriko yanakuja, maji yanapanda hadi kumeza miti, na paka anaokolewa na mashua inayopita, ambamo amelala kapibara, yule mnyama wa Amerika Kusini anayefanana na panya mkubwa mpole. Wanaongezeka mmoja mmoja: lemuri anayekusanya vyombo na kuving'ang'ania, mbwa anayetaka urafiki na kila mtu, na karani tamba, ndege wa miguu mirefu ambaye ni wa nyika zetu za Afrika. Karani tamba huyo anamtetea paka mbele ya kundi lake na kuumizwa kwa ajili hiyo. Kisha yeye ndiye anayeshika usukani. Wanyama hawa hawavai nguo wala hawasemi. Paka anaogopa kama paka, mbwa anakosea kama mbwa, na uaminifu kati yao unakua polepole hadi unausadiki.

Ina upungufu. Manyoya ya wanyama yamechorwa kwa ukavu, na aliyezoea ung'avu wa filamu za Disney atauona upesi. Sehemu ya katikati inakwenda taratibu. Lipo tukio moja juu ya mnara wa mawe ambalo halielezwi kabisa, na watoto wa miaka saba au minane watauliza limemaanisha nini. Walio chini ya miaka mitano wanaweza kutishwa na paka anayezama, kwa hiyo wakae karibu na mkubwa. Lakini sijaona filamu nyingine ya hivi karibuni inayofaa zaidi kwa nyumba ya Tseikuru, na sababu yangu kubwa ni lugha. Nyumbani ni Kikamba, shuleni ni Kiswahili na Kiingereza, na katuni nyingi za kununuliwa huja na Kiingereza cha Marekani kinachosemwa mbio. Watoto wakubwa wanacheka, wadogo wanaiga kicheko, na susu, yaani nyanya, aliyekaa kigodani anaondoka kwenda kupepeta mtama. DJ Afro alijenga jina lake Kenya nzima kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa lugha ya mtaani, na vibanda vikajaa, kwa maana watu wako tayari kulipia kuelewa. Flow haimhitaji msimulizi. Susu na mjukuu wa darasa la pili wanaanza mahali pamoja, na huenda susu akaielewa zaidi, kwa kuwa anayajua maji ya Tana yanapofurika kuliko anavyoyajua mtoto aliyezaliwa kwenye kiangazi.

Sasa gharama. Kwa makadirio ya Netflix, saa moja ya video hutumia takriban giga 0.3 kwa ubora wa chini, 0.7 kwa ubora wa kati, na hadi giga 3 kwa ubora wa juu. Filamu ya dakika 85 basi itakula giga 0.4, giga 1, au giga 4 na zaidi. Tukiweka mfano wa bando ya shilingi 100 kwa giga, filamu ileile inaweza kukugharimu shilingi 43 au 425 kutegemea kitufe kimoja ambacho watu wengi hawajawahi kukigusa. Kwenye simu ya inchi sita, ubora wa kati unatosha kabisa. Kwenye runinga ya kanisa au ya shule, ubora wa chini utawachosha macho. Na iwapo huduma unayoitumia inaruhusu, pakua filamu kwanza halafu mtazame intaneti ikiwa imezimwa. Anayetazama moja kwa moja hukatizwa mtandao unapolegea, na mtoto akiomba kuirudia kesho, bando inaliwa upya.

Hiyo ni bando tu. Filamu yenyewe ina bei yake. Kuikodisha filamu kwenye maduka ya intaneti ya Marekani huwa dola 4 hadi 6, yaani shilingi 500 hadi 800 hivi kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola. Usajili wa mwezi unaweza kuwa nafuu kuliko hapo, lakini kila huduma ina orodha tofauti kwa kila nchi, kwa hiyo itafute filamu kwa jina kabla hujalipa. Jua pia kwamba filamu uliyoikodisha kihalali haihamishiki kwenye flashi; itachezwa kwenye kifaa kilekile ilikopakuliwa. Ukitaka kuiona kwenye runinga, hakikisha mapema kwamba simu yako inakubali kuunganishwa nayo, maana simu nyingi za bei nafuu hazikubali.

Duka la muvi litakujazia filamu hiyohiyo kwa makumi machache ya shilingi. Najua ndiko wengi wanakokwenda, na sitajifanya sielewi sababu. Ila pale hakuna senti inayomfikia aliyeitengeneza, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza, na flashi moja hubeba filamu ya watoto ikiwa imebanana na filamu ambazo mtoto hafai kuziona. Bodi ya kuainisha filamu nchini hutumia alama nne: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Kwenye flashi alama hizo hazionekani. Na ikiwa unataka mwanao aje aishi kwa kutengeneza katuni, anahitaji kukuona ukilipia katuni.

Kuna njia ya tatu ambayo wachache wanaijua, nayo ni bure na halali. Programu ya Blender, ileile iliyotumika kutengeneza Flow, ina shirika lake nchini Uholanzi ambalo kila baada ya muda hutoa filamu fupi kwa leseni huru: unaruhusiwa kuinakili, kuigawa, hata kuionesha hadharani, mradi uwataje walioitengeneza. Big Buck Bunny ya 2008 ina dakika kumi hivi na haina maneno. Mfululizo wa Caminandes ni wa dakika mbili hivi kila kipande, kuhusu mnyama wa milima ya Amerika Kusini anayehangaika kutafuta chakula. Watoto wa wafugaji wa mbuzi wataupenda. Spring ya 2019 ni nzuri kwa macho. Wing It! ya 2023 ina paka na mbwa na vurugu tupu. Sintel ya 2010 iacheni, ina mapigano na majonzi mazito. Kwa mwalimu au kiongozi wa Sunday school mwenye projekta na shuka jeupe, hizi ndizo chaguo bora, kwa sababu filamu iliyokodishwa kwa matumizi ya nyumbani haimpi mtu ruhusa ya kuionesha kwa umma. Kwa Kiswahili, Ubongo Kids wa Tanzania, walioanza 2014, wanapatikana YouTube bila malipo zaidi ya bando.

Chukua basi kwamba kutazama kumekula shilingi 700. Zimebaki 2,300, na hapa ndipo ninapotaka mzazi atulie.

Kuna watu wanaoamini kwamba katuni haiwezekani bila programu ya kulipia. Usajili wa programu moja ya Adobe kwa bei ya Marekani umekuwa takriban dola 23 kwa mwezi, karibu sawa na zile shilingi 3,000 zetu zote, na mwezi ukiisha unalipa tena. Anayejifunza hana haja nao hata kidogo.

Anza na daftari. Daftari la kurasa 96 lina karatasi 48. Mtoto akichora kwenye kona ya kila karatasi, akisogeza mchoro kidogo kidogo, kisha akaziachia karatasi chini ya kidole gumba, michoro 12 kwa sekunde itampa sekunde 4 za katuni. Michoro 8 kwa sekunde itampa 6. Zinasikika chache. Hata hivyo, hakuna somo linalofundisha haraka kuliko hili kwamba mpira unaodunda huenda upesi ukikaribia ardhi na polepole ukifika juu, na kwamba michoro iliyo mbalimbali huleta kasi, iliyokaribiana huleta upole. Gharama ni daftari na penseli. Asiyepita hapa atapata tabu kwenye simu.

Hatua ya pili ni simu, kwa kupiga picha moja moja za kitu kinachosogezwa. Stop Motion Studio ina toleo la bure, na kwa mwanzo linatosha. FlipaClip ni ya kuchora kwa kidole; toleo lake la bure huweka alama yake kwenye video na huleta matangazo, kwa hiyo zima data kabla ya kuifungua, la sivyo matangazo yatakula bando bila wewe kujua. Kati ya hizi mbili, ningemwanzishia mtoto ile ya picha. Kuchora kwa kidole kwenye kioo kidogo kunamkatisha tamaa asiye mchoraji, na vitu vya kusogezwa huku vimejaa.

Ukambani una utajiri ambao sijui kama studio yoyote ya Ulaya inaweza kuununua kwa bei yetu. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu arudi na ufundi wa kuchonga aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mikono ya Wakamba imekuwa ikitoa twiga, vifaru na simba wa mbao kwa ajili ya watalii. Kinyago chenye kasoro kidogo, ambacho mnunuzi amekikataa, ni mhusika tayari. Hakikunji miguu, basi mpe mwendo wa kuruka au wa kutelezeshwa, au mkate miguu na kuirudisha kwa waya. Udongo wa mfinyanzi ni bure lakini kwa jua la Tseikuru hukauka na kupasuka kabla ya picha kufika hamsini. Ufunikwe kwa kitambaa kibichi kila mnapopumzika, au mtumie unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi na mafuta. Cha rahisi kuliko vyote ni karatasi zilizokatwa na kulazwa mezani, simu ikiwa juu inatazama chini. Lotte Reiniger, Mjerumani, alikata vivuli vya karatasi nyeusi na kuvipiga picha moja moja kuanzia 1923 hadi 1926, akatoa filamu nzima yenye hadithi za Alfu Lela Ulela, na mpaka leo ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani zaidi iliyosalia. Alivimulika kutoka chini ya kioo. Kioo cha dirisha lililovunjika kilichopigwa msasa kingo zake, karatasi nyeupe juu yake, na taa ya sola chini: hiyo ni studio.

Hesabu ya kazi ni hii. Kwa picha 8 kila sekunde, dakika moja ni picha 480. Kila picha ikichukua nusu dakika kusogeza na kupiga, ni saa nne. Igawanyeni kwa Jumamosi mbili, na mwanzoni msiitafute dakika nzima. Sekunde 20 ni picha 160, na zinatosha fisi kumwibia sungura chakula na kukipoteza. Picha moja ya simu ikiwa na megabaiti 3, hizo 480 ni zaidi ya giga 1.4, kwa hiyo punguza ukubwa wa picha kwenye programu yenyewe, kwa kuwa video ya mwisho haihitaji zaidi.

Pesa ziende wapi basi? Kwanza stendi ya simu, maana simu ikitikisika hata kwa unywele, dunia yote ya katuni inatetemeka. Ya dukani huwa shilingi mia kadhaa. Fundi seremala atakutengenezea ya mbao nzito isiyotikisika kwa pesa kama hizo, na mimi ningeichagua ya fundi. Pili, taa. Hapa wengi wanaharibu: wanapiga nje, jua linasonga, vivuli vinazunguka, na tukio la sekunde kumi linaonekana kama limechukua mchana mzima. Ingieni chumbani, fungeni dirisha, tumieni taa moja isiyosogezwa, na mvae nguo za rangi ya giza, kwani shati jeupe la anayepiga picha huakisi mwanga na kuufanya ucheze. Tatu, kadi ya kumbukumbu. Nne, akiba ya kuchajia simu sokoni, kwa asiye na umeme. Hivi vyote vinaingia ndani ya shilingi 2,300, na bando ikabaki.

Sauti ni bure, nayo ndiyo nusu ya filamu. Watengenezaji wa Flow walirekodi wanyama halisi, lakini sauti ya kapibara ilikuwa nyembamba mno kwa mwili ule mkubwa, wakatumia ya ndama wa ngamia. Ngamia wa wafugaji kutoka Garissa na Tana River hupita pande hizi kila ukame unapobana, na mara nyingine huleta ugomvi wa malisho kati ya wenyeji na wageni. Mtoto wa Tseikuru anaijua sauti hiyo bila kwenda popote. Arekodi punda wa maji, mitungi ikigongana, upepo kwenye migunga, chungu kikitokota. Arekodi asubuhi mapema, kabla ya pikipiki kuanza.

Sasa hiyo laptopu. Iliyotumika inayoletwa kutoka Ulaya huuzwa Nairobi kuanzia shilingi 15,000 hadi 30,000 hivi, kwa mkulima wa huku hayo ni magunia kadhaa ya ndengu. Programu zenyewe hazina bei: Pencil2D ni nyepesi na hufanya kazi hata kwenye mashine kuukuu, Krita ni ya kuchora na inafurahia kumbukumbu ya giga 4 na zaidi, OpenToonz, yenye asili katika programu iliyotumiwa na Studio Ghibli ya Japani, imekuwa ya bure tangu 2016. Blender ilifunguliwa kwa wote mwaka 2002, baada ya watumiaji wake kuchanga euro 100,000 katika majuma saba ili kuinunua. Zilbalodis hakuanza na Flow. Kabla yake, mwaka 2019, alitoa Away, filamu ya dakika 75 aliyoifanya peke yake, bila timu. Hata Flow yenyewe ilitolewa picha zake za mwisho kwenye kompyuta yake, na filamu ya urefu ule kwa picha 24 kila sekunde inapita picha 120,000.

Lakini kompyuta yake haikuwa ile unayotaka kuuziwa. Matoleo ya sasa ya Blender yanadai angalau giga 8 za kumbukumbu na kadi ya picha yenye giga 2. Laptopu nyingi za shilingi 18,000 zina giga 4 na hazina kadi ya picha ya pekee. Zitafungua Pencil2D vizuri, na Blender itakataa au itaganda. Muuzaji atakutajia jina la prosesa na ukubwa wa diski, kwa kuwa ndivyo vinavyouza. Halafu kuna umeme: laptopu huvuta wati 45 hadi 65, na paneli ndogo ya nyumbani ya kuwashia taa tatu na kuchaji simu haitaiweza. Asiye na waya wa stima ajumlishe bei ya betri na paneli kubwa, au ajue kwamba atalipia mahali pa kuchajia kila siku.

Kwa hiyo ningesubiri mtoto amalize katuni mbili tatu za simu, zenye mwanzo na mwisho. Akifika hapo na bado anataka, anza kuweka akiba ya mashine ya giga 8, hata kama itachukua misimu miwili ya ndengu. Siku ya kununua, nenda na flashi iliyowekwa Blender. Ipo aina isiyohitaji kusakinishwa, faili lake ni la megabaiti mia chache. Mwombe muuzaji uifungue palepale, ongeza maumbo kadhaa, yazungushe kwa dakika kumi, na usikilize kama feni inapiga kelele. Akikukatalia, maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, yamepangana mlango kwa mlango.